Mafuta yamepakwa asubuhi, saa sita ngozi imeshapauka: kosa liko wapi?

Sokomoko

Wakuu, habari za baridi. Swali ni la ngozi, na naomba majibu yenye vipimo, siyo "kunywa maji mengi".

Nje ni nyuzi sifuri au chini ya hapo, ndani hita inawaka kutwa. Kuoga ni asubuhi: maji ya moto, dakika ishirini hivi, sabuni ya kipande, dodoki mwili mzima. Mwili unafutwa mpaka unakauka kabisa, kisha chai, halafu ndipo yanapakwa mafuta ya mgando, tena kwa wingi. Ikifika saa sita, kuanzia gotini kwenda chini kumepauka kama kumenyunyiziwa majivu, magamba yanabaki kwenye soksi, na jioni kazi ni kujikuna. Vifundo vya vidole vinachanika. Midomo ndiyo usiseme.

Kwa nini mafuta mengi kiasi hicho hayasaidii? Losheni, krimu au mafuta, kipi ni cha baridi? Na hizi gliserini na yurea zinazoandikwa kwenye lebo zina kazi gani hasa?

---

Pingili

Mkuu, jibu la swali la kwanza umelitoa mwenyewe hapo kwenye chai.

Mafuta ya mgando hayana maji hata tone. Kazi yake ni kufunika tu, na katika kufunika hayana mpinzani. Lakini ukiifunika sufuria tupu, kifuniko kiwe kizuri namna gani, ndani hamna kitu. Wewe unasubiri maji yote yatoke kwenye ngozi, ndipo unakuja na kifuniko.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli bapa zilizokufa, zimepangwa kama matofali. Katikati yake kuna udongo wa kushikia, ambao ni mafuta ya asili: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Udongo huo ndio unaozuia maji ya mwilini yasivukize ovyo. Sasa angalia unavyoubomoa kila asubuhi. Maji ya moto yanaulainisha, sabuni inauchukua, dodoki linang'oa na matofali yenyewe. Sabuni ya kipande iliyotengenezwa kwa magadi huwa na pH (kipimo cha uasidi; namba ikiwa ndogo, uasidi ni mwingi) ya 9 hadi 10, wakati ngozi yenye afya iko karibu na 5. Vimeng'enya vinavyotengeneza yale mafuta ya asili hufanya kazi vizuri ngozi ikiwa na uasidi kidogo, kwa hiyo ukiivuruga pH, hata ukarabati unachelewa. Miguu inatangulia kupauka kwa sababu kwenye muundi tezi za mafuta ni chache kuliko usoni au kifuani.

Fanya hivi:

Maji yawe vuguvugu, nyuzi 37 au pungufu kidogo. Kama huna kipimajoto, angalia kioo: kikijaa mvuke hadi hujioni, umepitiliza. Dakika tano hadi kumi, basi. Sabuni iende kwapani, kinenani, makalioni na kwenye nyayo. Mikono, miguu na mgongo wa mtu ambaye hakushinda kwenye vumbi au grisi, maji yanatosha. Chagua sabuni laini isiyo na manukato, iliyoandikwa pH ya 5 au 6. Dodoki litundike mpaka baridi iishe.

Ukitoka majini, taulo ligusishwe tu, lisisugue. Acha ngozi ikiwa na unyevunyevu, isiwe inachuruzika. Halafu paka ndani ya dakika tatu, humohumo bafuni, kabla hujafungua mlango. Dakika hizo tatu zina thamani kuliko jina la kopo lolote utakalonunua.

Kiasi nacho watu hukosea. Krimu iliyominywa kwenye kidole cha shahada kuanzia ncha hadi kwenye pingili ya kwanza ni karibu nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili. Mguu mmoja mzima pamoja na unyayo unataka nane za namna hiyo, mkono mmoja na kiganja chake nne, kifua na tumbo saba, mgongo na makalio saba, uso na shingo mbili na nusu. Mwili mzima ni kama gramu 20 kwa mpako mmoja, na hapo ni mpako mwembamba. Ukipaka mara mbili kwa siku, wiki inakula gramu 280. Kwa hiyo kopo la gramu 100 likikaa mwezi mzima, hupaki mkuu, unainusisha ngozi.

---

Kurunzi

Pingili amenena, ila ameacha nusu ya tatizo iliyo nje ya bafu: hewa ya ndani.

Hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi. Kwenye nyuzi 0 mita moja ya ujazo inabeba gramu 4.8 za maji ikiwa imeshiba. Kwenye nyuzi 20 inaweza kubeba 17.3. Sasa hewa ya nje inaingia, hita inaipasha hadi 20, lakini hakuna aliyeiongezea maji. Bado ina zile gramu 4.8, kwa hiyo unyevu wake unashuka hadi asilimia 28. Kama nje ni nyuzi 10 chini ya sifuri, inabaki asilimia 14 tu. Hewa yenye kiu namna hiyo inavuta maji popote ilipoyaona, na ngozi iko karibu. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda ndani siku nzima bila kuguswa na upepo na bado akapauka.

Dawa ya kwanza haihitaji kifaa: punguza joto la hita. Chumba cha nyuzi 24 kikipokea hewa ileile ya nyuzi 0 kinakuwa na unyevu wa asilimia 22. Kishushe hadi 19, unapanda hadi 29. Hujaongeza hata tone. Usiku ndio rahisi zaidi, maana blanketi zipo.

Pili, nunua kipima unyevu kabla ya kununua mashine ya kuongeza unyevu. Lengo ni asilimia 40 hadi 50. Ukivuka 60 unawakaribisha kuvu na wadudu wa vumbi, na hao watakuletea mwasho wa aina nyingine. Dirisha likianza kutiririka maji asubuhi, umeshazidisha, hata kama kipimo kinasema 45, kwa sababu kioo ni baridi kuliko chumba.

Kuhusu kiasi cha maji, watu huweka kikombe juu ya hita na kutegemea muujiza. Chumba cha mita 4 kwa 4, kimo mita 2.5, kina mita 40 za ujazo. Kukitoa kwenye asilimia 25 hadi 40 kunahitaji gramu mia moja na ushee za maji. Ni kidogo, sivyo? Shida ni kwamba hewa inavuja. Kama hewa yote inabadilika mara moja kila saa, unahitaji hizo gramu mia kila saa, yaani karibu lita moja kwa usiku wa saa nane. Nyumba iliyozibwa vizuri inaweza kuhitaji nusu yake. Mzigo mmoja wa nguo zilizokamuliwa na mashine una maji lita mbili hivi, kwa hiyo kuanika nguo ndani kunasaidia kweli, mradi uangalie kuta za nje zisiote kuvu nyuma ya kabati.

Ukiamua kununua mashine, zile za ukungu baridi zinazotumia mtetemo zinarusha na chumvi za maji. Zikiwashwa na maji magumu ya bomba utaona vumbi jeupe juu ya meza, na hilohilo unalivuta puani. Tumia maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyoondolewa chumvi. Maji yabadilishwe kila siku, tangi lisuguliwe kila wiki na kukaushwa. Tangi lenye utelezi ni kiwanda cha bakteria, bora usiwe nalo.

---

Bandubandu

Nijibu la losheni na viambato, maana hapo ndipo pesa zinapopotelea.

Losheni ina maji mengi na mafuta kidogo. Inapakika vizuri, inakauka haraka, na ndiyo sababu haifai kwa ngozi ya muundi kwenye baridi. Krimu ina mafuta zaidi. Marhamu karibu yote ni mafuta. Kipimo cha haraka: kopo likiinamishwa na kitu kikamwagika, ni la majira ya joto. Kile kinachochotwa kwa kidole, au bora zaidi kwa kijiko safi ili usiingize bakteria, ndicho cha baridi.

Ndani ya kopo angalia makundi matatu.

La kwanza ni vivuta maji: gliserini, yurea, asidi ya laktiki, asidi ya hayaluroniki. Vinashika maji ndani ya lile tabaka la juu. La pili ni vilainishi vinavyojaza nyufa kati ya magamba: seramidi, siagi ya shea, mafuta ya alizeti. La tatu ni vifuniko: mafuta ya mgando, lanolini, nta, dimethikoni. Krimu nzuri ya baridi ina yote matatu. Yenye la kwanza tu inakudanganya: inang'aa kwa saa moja, kisha yale maji yaliyovutwa juu yanachukuliwa na hewa kavu aliyoieleza Kurunzi. Gliserini tupu kutoka kwenye chupa ndiyo mfano mbaya zaidi. Inanata, na kwenye chumba cha asilimia 20 haina pa kuvuta maji isipokuwa chini, kwenye ngozi yako mwenyewe. Ichanganywe: sehemu moja ya gliserini kwa tisa za krimu isiyo na manukato, au ipakwe kwenye ngozi yenye unyevunyevu halafu ifunikwe kwa mafuta.

Yurea inategemea namba. Asilimia 5 hadi 10 inavuta maji na kulainisha, hiyo ndiyo ya miguu na mikono. Kuanzia 20 kwenda juu inaanza kumenya ngozi ngumu. Hiyo ni ya visigino, na ukiipaka muundini utalia. Usoni iache, na watoto wadogo usiwape bila ushauri wa daktari.

Ushauri mmoja unaozagaa kila baridi ikiingia ni mafuta ya zeituni. Yana asidi ya oleiki kwa wingi, nayo huulegeza ule udongo kati ya matofali badala ya kuuimarisha. Ya alizeti yenye asidi ya linoleiki nyingi ni bora kuliko hayo. Mafuta ya nazi yanafunika vizuri mwilini, lakini usoni huziba vinyweleo kwa watu wengi.

Halafu manukato. Ngozi iliyochanika inapitisha vitu ambavyo ngozi nzima ingevizuia. Krimu yenye harufu ya waridi uliyoipaka miezi sita bila shida inaweza kukuletea mzio baridi hii, na utailaumu baridi. "Ya asili" kwenye lebo haimaanishi salama. Mafuta ya maua na ya michungwa ni manukato kama mengine.

---

Sokomoko

Nashukuru wakuu. Naongeza matatu. Krimu ya yurea ya asilimia 10 ikiguswa kwenye vifundo vya vidole vilivyochanika inachoma kama pilipili; ni mzio? Midomo inalambwa kila baada ya dakika mbili na kijiti cha mdomo chenye mentoli hakisaidii. Na kwenye visigino magaga yameanza kutoa damu.

---

Pingili

Kuchoma si lazima iwe mzio. Yurea na asidi ya laktiki huchoma zikigusa nyama iliyo wazi, na kuchoma huko hupoa baada ya dakika chache. Mzio huwasha badala ya kuchoma, hutokea baada ya saa kadhaa au hata siku mbili, na huacha vipele na uvimbe, mara nyingi kwa kuvuka mpaka wa pale ulipopaka. Kwenye nyufa zilizo wazi acha yurea kwa muda. Tumia mafuta ya mgando mpaka zizibe, siku tatu hadi saba, kisha urudi.

Mikono ina adui wake, nao ni kunawa. Ukinawa mara kumi, upake mara kumi, hata kama ni tone la ukubwa wa njegere. Penye mikono isiyo na uchafu wa kuonekana, kitakasa mikono cha pombe chenye gliserini ndani kinaiumiza ngozi kidogo kuliko sabuni na maji. Kinachoma zaidi kwenye michaniko, na hapo ndipo watu wanapodanganyika wakakikimbia na kurudi kwenye sabuni. Vyombo vioshwe kwa glavu za vinili au nitrili, zenye glavu nyembamba za pamba ndani, na zivuliwe baada ya dakika ishirini. Jasho likijaa humo mikono inaloana na kuharibika upya. Usiku paka marhamu nene, vaa glavu za pamba, lala.

Magaga hutokana na mkazo tu: ngozi ngumu haipanuki, unakanyaga, inapasuka. Kwa hiyo usiifunike kabla ya kuipunguza. Loweka miguu dakika kumi kwenye maji vuguvugu, sugua kwa jiwe la miguu kuelekea upande mmoja tu, polepole, mara mbili au tatu kwa wiki. Wembe usiguse. Kisha yurea ya asilimia 20 hadi 25 kwenye ngozi ngumu, lakini siyo ndani ya ufa, halafu soksi za pamba usiku kucha. Ufa unaotoa damu usafishwe, upakwe mafuta ya mgando, na ufunikwe kwa plasta ya kuuvuta kingo zikutane. Viatu vilivyo wazi nyuma vinaacha mafuta ya kisigino yatanuke pembeni, na ufa unafunguka tena. Mwenye kisukari au ganzi miguuni asijitibu magaga nyumbani. Aende kwa daktari mapema.

---

Kurunzi

Midomo niachie mimi.

Midomo haina tezi za mafuta kama ngozi nyingine, na tabaka lake la juu ni jembamba mno. Mate yana vimeng'enya vya kusaga chakula, kwa hiyo ukilamba unaweka maji yatakayovukiza ndani ya dakika moja pamoja na kitu kinachotafuna ngozi. Mentoli na kafuri zinaleta ubaridi unaodhaniwa ni nafuu, kumbe zinachokoza, unalamba tena, unapaka tena. Tafuta mafuta ya mgando yasiyo na harufu wala ladha. Ladha tamu inakaribisha ulimi. Paka kabla ya kutoka nje, baada ya kula, na safu nene kabla ya kulala. Ngozi inayoning'inia usiivute kwa meno. Ikate kwa mkasi mdogo. Pembe za mdomo zikichanika na kuwa na utando mweupe au ukoko wa manjano, hapo mara nyingi kuna kuvu au bakteria, na mafuta pekee hayatatosha.

Jua lisisahauliwe kwa sababu ya baridi. Theluji mpya inarudisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, na miale yenyewe inaongezeka karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo mlimani unapigwa kutoka juu na kutoka chini. Hata chini ya kidevu na ndani ya pua kunaungua. Krimu ya kukinga jua ya SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi, urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, irudiwe kila saa mbili. Inapakwa juu ya krimu ya kulainisha, siyo chini yake.

---

Bandubandu

Mavazi yanasahaulika pia. Sufu yenye nyuzi nene inachoma ngozi kama vijiti vidogo. Shati la pamba liwe ndani, sufu juu yake. Soksi zikiloa zibadilishwe mara moja.

Na mikono au miguu iliyopigwa na baridi isiwekwe juu ya hita. Kupashwa haraka baada ya baridi yenye unyevu kunaleta vivimbe vinavyowasha na kuuma kwenye vidole, vyekundu kwenye ngozi nyeupe, vya zambarau au kahawia iliyokolea kwenye ngozi nyeusi. Hukaa wiki moja hadi tatu. Pasha taratibu, kwa blanketi au kwapani. Kidole kikiwa kigumu, kimepauka na hakina hisia kabisa, hiyo ni kuganda kwa nyama: usisugue, usipake theluji, tafuta hospitali. Kama haifikiki, na huna wasiwasi kitaganda tena njiani, kitumbukize kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39 kwa dakika 15 hadi 30. Jiandae, kinauma sana kikirudi.

Tahadhari nyingine ni ya moto. Nguo na mashuka yaliyonyonya krimu au mafuta kwa wiki nyingi yanashika moto upesi na kuungua kwa kasi, na kufua hakuondoi yote. Mtu aliyejipaka mwili mzima asikae karibu na jiko la kuni, sigara au hita yenye waya mwekundu. Bafuni nako sakafu inateleza.

---

Sokomoko

Naelewa. Lakini nitajuaje kuwa hii siyo baridi tena bali ugonjwa?

---

Pingili

Ukavu wa baridi hupungua ndani ya wiki mbili ukifuata haya bila kuruka. Usipopungua, chunguza.

Muundi wenye nyufa nyembamba nyekundu kama udongo wa bwawa lililokauka ni ukurutu wa ukavu, huwapata zaidi wazee. Kwa kawaida daktari huongeza krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho) kwa siku chache, kisha unabaki na kilainishi. Duara lenye mwasho linaweza kuwa ukurutu wa sarafu au choa, na hapa watu huumizana: choa kikipakwa steroidi kinatulia juu na kusambaa chini kwa chini. Kikiwa na ukingo ulioinuka na katikati kumeanza kupona, usipake steroidi kabla hakijapimwa. Mwasho unaozidi usiku, kati ya vidole, kwenye viwiko vya mkono na kiunoni, na wenzako nyumbani nao wanajikuna, ni upele, krimu haitaumaliza. Majimaji ya manjano, maumivu, joto na wekundu unaosambaa ni maambukizi, nenda siku hiyohiyo. Na mwili mzima kuwasha bila kipele chochote, wiki baada ya wiki, unahitaji vipimo vya damu, kwa kuwa figo, ini na tezi ya shingo huweza kuwasha ngozi.

Mwisho, usianze vyote kwa pamoja. Wiki ya kwanza badilisha kuoga na muda wa kupaka tu, kwa mafuta yaleyale uliyonayo. Wiki ya pili ongeza krimu yenye yurea, tena mguu mmoja kwanza kwa siku tatu. Ukibadilisha sabuni, krimu na sabuni ya kufulia siku moja, kikitokea kipele hutajua cha kukilaumu.

---

Sokomoko

Sawa. Chai itasubiri, kopo linahamia bafuni.